Gita Moja, Sauti Tatu: Uhakiki wa Oktava katika Nyimbo Mbili za The White Stripes

Tunapofundishwa uhakiki wa fasihi, tunaambiwa mapema kwamba fani na maudhui haviachani. Mshairi akichagua bahari fulani, lazima tuulize uchaguzi huo unalifanyia nini wazo lake. Katika insha hii nauliza swali hilohilo kuhusu kifaa kidogo kinachokaa sakafuni mbele ya mpiga gita: pedali ya oktava. Hasa nitajadili kinachotokea pale sauti inapopandishwa na kushushwa kwa wakati mmoja. Hoja yangu ni kwamba muungano huo hulifanya gita liwe kubwa, lakini haulipatii mwenzake. Msanii anayeijua tofauti hiyo huitumia vizuri. Asiyeijua, kama nilivyokuwa mimi, huaibika jukwaani.

Oktava tunaijua hata kama hatujui jina lake. Baba na mtoto wake wakiimba wimbo mmoja kanisani, kila mmoja huimba kwa kimo cha sauti yake, lakini hakuna atakayesema kwamba wanaimba nyimbo mbili. Kwa hesabu ni jambo la kuzidisha au kugawanya kwa mbili. Uzi wa A wa gita hutetema mara 110 kwa sekunde. Oktava moja juu yake ni 220, na oktava moja chini yake ni 55.

Pedali za zamani zilifanya kazi hizo mbili kwa njia tofauti kabisa. Ile ya kupandisha hulikunja wimbi: sehemu iliyokuwa chini ya mstari wa katikati hugeuzwa kuwa juu, na kwa hiyo vilele huwa maradufu. Roger Mayer alitengeneza kifaa cha aina hiyo, Octavia, na Jimi Hendrix akakitumia katika solo ya "Purple Haze" mwaka 1967. Ile ya kushusha huhesabu: kwa kila mawimbi mawili yanayoingia, hutoa moja. Boss OC-2 ya mwaka 1982 ni mfano unaojulikana. Kwa kuwa inahesabu, inataka noti moja kwa wakati mmoja. Ukipiga noti kadhaa kwa pamoja, hesabu huvurugika na sauti hukatikakatika kama ya redio isiyoshika stesheni. Mwaka 2005 kampuni ya Electro-Harmonix ilitoa POG, pedali ya kidijitali inayoweza kubeba noti nyingi kwa mara moja na kutoa oktava za juu na za chini pamoja na sauti asilia.

Maneno "pamoja na sauti asilia" ndiyo yenye uzito. Nilipopata pedali mbili za mtumba, moja ya kupandisha na nyingine ya kushusha, nilizifuatanisha, nikadhani nitapata sauti tatu. Sikupata. Ya kwanza iliipandisha noti, ya pili ikaichukua noti hiyohiyo na kuirudisha chini, nami nikajikuta palepale nilipoanzia, isipokuwa sauti sasa ilikuwa na mkwaruzo. Ukizidisha kwa mbili kisha ukagawanya kwa mbili, hujafanya kitu. Oktava mbili hupatana pale tu kila moja inapochota kutoka kwenye noti ya asili, na noti hiyo ikabaki inasikika katikati. Ndiyo inayomwambia msikilizaji hii ya juu imetoka wapi na hii ya chini ni kivuli cha nini.

Sasa tuzitazame nyimbo zenyewe. The White Stripes walikuwa watu wawili kutoka Detroit, Marekani: Jack White kwenye gita na sauti, Meg White kwenye ngoma. Kundi halikuwa na mpiga besi. Katika "Seven Nation Army", wimbo wa kwanza wa albamu ya *Elephant* ya mwaka 2003, wengi wetu tulidhani tunasikia besi pale mwanzoni. Ni gita, lililoshushwa oktava moja kwa pedali ya Whammy ya DigiTech. Noti saba zinarudiwa tena na tena, na ile ya mwisho inazama chini ya noti ambayo uzi mnene wa gita la kawaida huweza kuifikia.

Uzuri wa matumizi hayo ni kiasi. Pedali inashika mzigo wakati sauti ya mwimbaji ni ya chini na ngoma inapiga pigo moja moja. Wimbo unapolipuka, gita linarudi kwenye kimo chake likiwa limejaa mkwaruzo, nasi tunalisikia kana kwamba limeingia gita jipya. Ukubwa wa sehemu ile unatokana na mahali lilipotoka. Kama gita lingekuwa juu na chini tangu mwanzo, lisingekuwa na pa kwenda.

Oktava ya juu ambayo Jack White hakuiweka mwanzoni iliongezwa baadaye na watu wengine. Mashabiki wa Club Brugge ya Ubelgiji walianza kuimba noti zile saba mwaka 2003, na mashabiki wa Italia wakazibeba katika Kombe la Dunia la 2006. Uwanjani hakuna anayeimba maneno. Wanaume wenye sauti nzito huimba chini, wanawake na watoto huimba juu, na wimbo unabaki mmoja. Hakuna pedali pale, lakini kinachosikika ndicho pedali hutafuta: noti moja katika vimo vyake vyote.

Katika "Blue Orchid", kutoka albamu ya *Get Behind Me Satan* ya mwaka 2005, Jack White alitumia POG, na matokeo ni tofauti. Gita lina meno; kwa juu linafanana na kinanda cha umeme, na kwa chini linanguruma. Mwimbaji naye ameruka: anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, ambayo si kimo cha kawaida cha mwanamume anapozungumza. Kwa hiyo sauti ya binadamu na sauti ya gita zote zimeondolewa nyumbani kwao. Rafiki zangu wawili wanaopenda muziki waliniambia kwamba wimbo huu unawakera kwa sababu "hauna katikati". Nadhani wamesikia sawa, ila wamehukumu haraka. Wimbo unamlalamikia mtu aliyekigeuza kitu safi kikawa kitu kingine, na jina lake lenyewe ni la ua lenye rangi isiyo ya kawaida. Gita lililotiwa rangi mpaka likakaribia kusahaulika kuwa ni gita, na mwanamume aliyetolewa kwenye kimo chake, ndiyo maudhui yenyewe yakisikika. Hapa fani haipambi.

Hata hivyo nina lawama. Ukali huo hauwachwi hata mara moja, na baada ya dakika moja sikio limeshauzoea. "Seven Nation Army" inajua kuiacha pedali. "Blue Orchid" haijui. Inaokolewa na ufupi wake, kwani haifiki dakika tatu.

Kuna jambo jingine ambalo sisi tunaosikiliza muziki kwa simu tunapaswa kulizingatia. Spika ndogo ya simu haiwezi kutoa vizuri mitetemo 55 kwa sekunde. Ukishusha oktava peke yake, msikilizaji wa simu hupata karibu ukimya. Ukiongeza ya juu na kuiacha ya asili, sikio hupata cha kushikilia, na ubongo hujaza sehemu kubwa ya kile kilichokosekana. Kwa hiyo oktava ya juu ina kazi ya kuisaidia ya chini isikike mahali ambapo ingepotea.

Nimejifunza sehemu ya haya kwa aibu. Kikundi chetu cha chuo kilikuwa na watu watatu. Nilipopata zile pedali, nilimwambia mpiga besi wetu kwamba katika onyesho la mwisho wa muhula angeweza kupumzika. Nilizipanga vizuri safari hii, kila moja ikichota kutoka kwenye noti ya asili. Wimbo wa kwanza, wenye noti moja moja, ulivuma hadi watu wakageuza vichwa. Wa pili ulikuwa na noti nyingi kwa pamoja, na sauti ya chini ikaanza kukoroma na kukatika. Nilipunguza ukali kwenye kitufe cha gita, nikahamia noti za juu ya kizuio cha 12 ambako mitetemo huwa safi zaidi, lakini ngoma ilikuwa imeshabaki peke yake. Baada ya onyesho nilimuuliza mwenzangu, aliyekuwa amekaa safu ya nyuma, alionaje. Akajibu kwa upole: "Nilisikia gita kubwa. Besi sikuisikia."

Nilifikiri analalamika kwa sababu nilimweka kando. Niliporudi kusikiliza rekodi ya simu, niliona kwamba alikuwa anahakiki. Oktava ya chini inakwenda kila niendako. Nikikosea, inakosea. Nikinyamaza, inanyamaza. Mpiga besi huweza kubaki pale ninapoondoka, au kuingia kabla yangu, au kunikatalia. Katika rumba ya Kongo, ambayo wazazi wetu waliicheza hapa Kampala, gita la solo, la mi-solo, la kuongoza mwendo na besi hujibizana. Hakuna linalomwiga mwenzake hatua kwa hatua. Pedali haiwezi kujibizana. Tuna pia mfano wa upande mwingine: kadongo kamu, muziki wa Waganda ambao jina lake lina maana ya kagita kamoja. Msanii kama Paul Kafeero alibeba hadithi ndefu kwa maneno, na muziki huo haukuona haya kuitwa kwa jina la kagita hako.

The White Stripes hawakosei kwa kukosa besi, kwa kuwa nyimbo hizi mbili zimetungwa kwa ajili ya kivuli: wazo moja la noti chache ambalo haliombi jibu. Mimi nilichukua wimbo uliotungwa kwa ajili ya watu watatu wanaozungumza, nikampa kivuli nafasi ya mzungumzaji. Kosa lilikuwa la usomaji kabla ya kuwa la vifaa. Muhula huu pedali zitatumika katika wimbo mmoja tu, ule wa kwanza, na mwenzangu amekubali kurudi kwa sharti kwamba katika wimbo huo yeye ndiye atakayeamua lini anyamaze.