IMG-20230126: Kusoma Jina la Faili Lililopotea

IMG-20230126-WA0007.jpg. Majina ya namna hii yamejaa katika simu za watu wa Kitshanga, Kivu Kaskazini nchini Congo, na wengi huyapita bila kuyasoma. Nataka tulisome hili kama tusomavyo mshororo, alama kwa alama, maana ndani ya umbo lake ndimo zinamopotelea hati za watu: kadi ya mpiga kura, diploma ya Serikali, buletini ya shule ya mtoto, karatasi ya shamba.

IMG hutuambia kuwa hii ni picha. Tarakimu nane zinazofuata ni tarehe: mwaka mbele, kisha mwezi, siku mwisho. Hapo pana busara, kwa kuwa mashine ikipanga majina haya kialfabeti huwa imeyapanga kwa wakati pia. WA ni WhatsApp, na 0007 ni zamu ya picha hiyo, siku hiyo, katika simu hiyo. Jumla alama 23, na hakuna hata moja inayomtaja mtu. Mahali nako hakutajwi.

Tarehe ndiyo inayopotosha zaidi. Nimechagua 26 Januari 2023 kwa sababu siku hiyo waasi wa M23 waliuteka Kitshanga, na wakazi wakatawanyika kuelekea Mweso, Sake na Goma. Tuseme mama mmoja aliipiga picha kadi yake nyumbani mwaka 2019, akampa dada yake nakala. Februari 2023, mama yuko kambini Bulengo, karibu na Goma, simu ya zamani imepotea, na dada anamrudishia nakala ile kwa WhatsApp. Jina sasa litabeba tarehe ya Februari, siku ya kupokea. Atakayetafuta 2019 hatapata kitu. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida huvuliwa hata taarifa za saa na mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama hati (Document), hubaki nazo pamoja na jina lake. Kwa hiyo jina letu halisemi uongo. Linasimulia safari ya picha tu, na juu ya hati yenyewe limenyamaza.

Tukipandisha faili hilo kwenye Google Drive, ukimya unahamia huko. Kisanduku cha kutafutia kinasubiri neno, na mtu aliyekimbia vita humkumbuka aliyemtumia, si tarehe. Lakini mashine hii ina uwezo ambao wengi hawautumii: husoma maandishi ya chapa yaliyo ndani ya picha. Usitafute jina la faili, basi. Tafuta maneno ya hati. Hati ya Congo humtaja mtu kwa nom, postnom na prénom, na postnom mara nyingi ndiyo isiyofanana na ya wengine. Andika hiyo kwanza. Ukitafuta kwa mahali, jaribu tahajia zote, Kitshanga na Kitchanga, Mweso na Mwesso, kwani karani mmoja aliandika hivi na mwingine vile. Mwandiko wa mkono mashine huusoma kwa shida.

Kuna pia faili lisilo na kabrasha: uliliweka katika kabrasha la mtu mwingine, naye akalifuta. Lako bado lipo, ila huenda limekosa pa kukaa. Likiwa hivyo, andika is:unorganized owner:me, litatokea. Lililotupwa pipani hufutika kabisa baada ya siku 30, na muda huo, kwa maoni yangu, umepimwa kwa mtu mwenye umeme na amani. Aliye kambini bila chaji hauwezi.

Haya si mambo madogo. Kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho cha Wakongomani wengi, na Desemba 2023 uchaguzi haukufanyika katika maeneo ya Masisi wala Rutshuru kwa sababu ya vita. Kwa aliyekosa kadi mpya, nakala ya kadi ya zamani huenda ndiyo yote aliyobaki nayo.

Jina zuri la faili lingetaja mwenye hati, aina ya hati, mahali na mwaka ilipotolewa. Nakiri uzuri huo una hatari yake: jina linalosema wazi humwambia pia anayekagua simu kwenye kizuizi cha barabarani. Penye hatari hiyo, herufi za mwanzo za majina zinatosha. Ndugu msomaji, kama una nakala ya hati ya mtu wa kwenu, ipe jina leo kabla hujamtumia, na umtumie kama hati, si kama picha.