Taa Kabla ya Sona

Anayecheza Fishing Planet, au mchezo mwingine wa uvuvi kwenye kompyuta, hufika siku akasita dukani. Pesa za mchezo zimetosha. Anunue boti na sona ya kutafutia samaki, au abaki ukingoni na mshipi wake? Mimi swali hilo hulipeleka Ziwa Kivu, kwenye maji yanayoonekana kutoka vilima vya Kamembe, kwa sababu wavuvi wa wilaya ya Rusizi, Rwanda, wanaovua samaki wadogo waitwao sambaza, walikwisha kulijibu kwa mikono yao.

Boti kwanza. Huku boti haikupeleki tu penye samaki. Yenyewe ni sehemu ya mtego. Ekipe moja ni mitumbwi mitatu iliyopangwa sambamba, mmoja katikati na miwili pembeni, ikaunganishwa kwa miti mirefu ya mikaratusi inayochomoza mbele na nyuma kama pembe. Wavu hushushwa kutoka kwenye miti hiyo, ukatandazwa majini. Jioni wanaume hupiga makasia kuelekea kilindini wakiimba, na wimbo huo una kazi: mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja haiendi sawa mpaka makasia yote yaingie majini kwa pamoja. Asiye na mitumbwi hana hata pa kuning'iniza wavu. Mjadala wa boti, kwa Kivu, unaishia hapo.

Sona ndiyo yenye maneno.

Mchana sambaza hukaa chini, katika makundi. Giza likiingia hupanda, wakifuata vijidudu vya majini ambavyo ndivyo chakula chao. Mvuvi anajua watapanda. Asichojua ni wapi hasa. Lakini hawatafuti. Huwasha taa juu ya maji, zamani karabai za mafuta ya taa, siku hizi zaidi za betri na za sola, kisha husubiri. Vijidudu huja kwenye mwanga, sambaza huvifuata, na kundi huzidi kuwa zito juu ya wavu uliokwisha kutegwa. Ukivuta mapema umevua maji. Ukichelewa, kundi limekwisha kuhama. Na kuvuta kwenyewe ni mtihani, maana kamba za pande zote lazima zipande kwa kasi moja. Upande mmoja ukizembea, wavu unainama na samaki wanamwagikia huko. Wimbo unarudi hapo, safari hii kwa ajili ya kamba.

Sona ingewaambia wavuvi samaki wako wapi. Taa inawaambia samaki waje hapa. Kwangu mimi hizo ni fikra mbili tofauti kabisa za uvuvi, na hii ya pili ndiyo ninayoistahi zaidi, kwa kuwa inamdai mvuvi aijue tabia ya samaki, si mahali alipo tu. Inamdai aujue mwezi pia. Usiku wa mbalamwezi ziwa lote lina mwanga, taa inapoteza nguvu yake, na mavuno hupungua sana. Kalenda ya ekipe hufuata giza.

Kuna jambo jingine linalopunguza kazi ya sona, nalo ni ziwa lenyewe. Kivu lina kina cha zaidi ya mita 480, lakini karibu yote hayo ni maji yasiyo na uhai wa samaki. Hewa ya oksijeni huishia kwenye mita 60 hivi wakati wa kiangazi, pepo zinapoyachanganya maji. Wakati wa mvua huweza kuishia kwenye mita 30. Chini ya hapo kuna kaboni dayoksaidi na methani nyingi zilizoyeyuka. Sambaza wanaishi katika tabaka jembamba la juu. Mchezaji wa kompyuta anahitaji mashine imwonyeshe sakafu. Mvuvi wa kisiwa cha Nkombo amewekewa sakafu na gesi.

Tena huyu sambaza si mwenyeji wa huku, ni wa Ziwa Tanganyika. Mto Rusizi hutoka Kivu ukashuka hadi Tanganyika, ila samaki hakuupanda mwenyewe. Wabelgiji walimleta mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Kivu halikuwa na samaki wa kula vijidudu vya katikati ya ziwa. Ufundi wa taa nao una mizizi Tanganyika, na mvuvi wa dagaa wa Kigoma akishushwa leo katika ekipe ya Rusizi hatahitaji maelezo marefu.

Siidharau sona. Ndugu wawili wa ukoo wa Furuno, huko Nagasaki, ndio walioanza kuuza mashine ya kutambua samaki kwa mwangwi mwaka 1948, na wazo lao lilitokana na maneno ya mvuvi mzoefu aliyewaambia kuwa penye mapovu ndipo penye samaki. Chombo hicho kina mvuvi ndani yake. Baharini, ambako kundi linaweza kuwa popote na mafuta ya injini ni ghali, ni halali kabisa kukinunua.

Hata Kivu sona imefika, kwa kazi nyingine. Mwaka 2008 watafiti walilizungukia ziwa wakituma sauti majini na kupokea mwangwi, wapate kukadiria sambaza waliomo. Hapo ndipo mashine inapostahili bei yake. Taa hukusanya walio karibu. Haiwezi kukuambia ziwa zima limebaki na wangapi. Na hilo ni lazima lijulikane, kwa sababu kila mwaka Rwanda hufunga uvuvi kwa takriban miezi miwili samaki wakue, na kwa sababu wapo wanaoingia usiku na kaningini, nyavu za macho madogo zinazozoa hata vitoto.

Kwa hiyo kwa aliyesita dukani: nunua boti, sona iache kwanza. Na kwa wenye sona ya kweli, rudini Kivu kila baada ya miaka michache, mchukue mzee mmoja wa ekipe akae nanyi mbele ya kioo, na hesabu mtakayopata isomwe Kamembe, Nkombo na ng'ambo Bukavu, kabla ya tarehe ya kufunga ziwa kupangwa.