Nyumba ya Mbogani na Vyumba vya Mbotela

Msomaji mpenzi, nyumba ya kale nayo ni kitabu. Ina yaliyoandikwa na yaliyoachwa, na yafaa isomwe kwa makini kabla ya kusifiwa.

Tuitazame nyumba ya Mbogani, iliyoko Karen, karibu na vilima vya Ngong. Ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, mhandisi Mswidi. Mwaka 1917 ikawa ya Karen Blixen wa Denmark, aliyekaa humo mpaka shamba lake la kahawa lilipofilisika mwaka 1931. Kitabu chake, Out of Africa, cha mwaka 1937, ndicho kilichoipa nyumba sifa. Serikali ya Denmark iliitoa kwa Kenya wakati wa uhuru, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho.

Sifa inayostahili tuitoe kwanza: nyumba imetunzwa vema, na baraza yake yapendeza. Lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni ya ukweli. Baadhi ya vyombo vyake vilikuwa vya Blixen mwenyewe. Vingine vilitumika katika sinema ya mwaka 1985, kisha vikatolewa kwa makumbusho. Asiyeangalia sana aweza kudhani anatazama historia, kumbe anatazama mchezo.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Nyumba yasimulia habari za bibi kuliko za waliomtumikia. Kamante aliyepika na Farah Aden aliyesimamia nyumba twawajua kwa kuwa bibi aliwaandika. Je, zile jamaa za Wakikuyu waliolima shambani, wakaambiwa wahame lilipouzwa? Mtazamaji hutoka akikijua kitanda cha bibi, asijue wao walilala wapi. Kwangu mimi, chumba chenye ukweli zaidi ni jiko, lililotengwa na nyumba kubwa. Umbali ule ni ushuhuda.

Wako wasemao kwamba majumba ya namna hii yabomolewe. Sikubaliani nao, kwani ushahidi ukiteketezwa haumfai aliyedhulumiwa. Dawa ni kuongeza, si kubomoa.

Basi tuvuke mji mpaka Mbotela, mtaa wenye jina la Tom Mbotela, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama cha KAU, akauawa mwaka 1952. Baba yake, James Juma Mbotela, ndiye mtungaji wa Uhuru wa Watumwa. Katika vyumba vyembamba vya mitaa hii ya mashariki waliishi makarani, wapishi na madereva, watu walioendesha mji. Siku hizi mitaa ya kale ya Nairobi imeanza kubomolewa ili kupisha maghorofa. Chumba kimoja tu, na kitanda chake na jiko lake la makaa, kikihifadhiwa, kingejibu swali ambalo Mbogani haikulijibu.

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Nenda Mbogani, msomaji, ukajifunze. Ukirudi, muulize babu yako chumba chake cha kwanza mjini kilikuwa wapi, na walilala wangapi humo. Kisha uyaandike kabla ukuta haujaanguka.