Pesa ya Kompyuta Iishie Wapi

Mwenye steshenari, mwanafunzi wa uhasibu na mhariri wa video za harusi wakiingia Kariakoo siku moja kutafuta kompyuta ya mezani, winga atawapokea wote watatu kwa swali lilelile: "Bajeti yako ngapi, bosi?" Ukishataja kiasi, mashine ya kiasi hichohicho itapatikana, ikufae isikufae. Mnunuzi anayejua mashine huiacha bei mpaka mwisho. Hutaja kazi kwanza, kisha hukagua vitu vichache kwa macho, kwa masikio na kwa mkono, na kufikia hapo anajua shilingi ipi inanunua kitu na shilingi ipi inanunua taa za rangi.

Tuanze na jina linalotangulia kila tangazo na kupotosha wengi: prosesa. "Hii Core i7, kaka" ni taarifa nusu. Nusu ya pili unaidai wewe: jenaresheni ya ngapi? Intel walianza kutumia jina hilo mwaka 2008, kwa hiyo i7 mbili zinaweza kupishana umri kwa zaidi ya miaka kumi. Chukua i7-2600 ya mwaka 2011 na i3-12100 ya mwaka 2022. Zote zina kori 4, lakini hiyo i3 "ndogo" humaliza kazi nzito kwa chini ya nusu ya muda wa mwenzake, na hula umeme mdogo kuliko yeye. Umri unasomwa kwenye namba iliyo baada ya kistari. Namba ikiwa na tarakimu nne, ya kwanza ndiyo kizazi, hiyo jenaresheni uliyoidai. Ikiwa na tano, mbili za mwanzo. i5-6500 ni kizazi cha 6, i5-8500 ni cha 8, i5-12400 ni cha 12. Muuzaji asiyetaka kukuonyesha namba hiyo kwenye skrini, mshukuru uendelee na safari.

Kwa sasa mstari wa kutovuka kurudi nyuma ni kizazi cha 8. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10, na Windows 11 huzipokea rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi hicho. Fundi anaweza kuisimika kwa ujanja kwenye mashine ya zamani, ila hakuna aliyekuahidi kwamba itaendelea kusasishwa. Ofisi za Ulaya zinabadilisha mashine zao kwa sababu hiyohiyo, ndiyo maana usishangae kukuta mashine safi za kizazi cha 6 na cha 7 kwa bei tamu. Zinunue ukiwa na nia ya kuweka Linux, kama Ubuntu au Mint, nazo zitakutumikia vizuri. Kwa Windows, jifunze majina: Dell OptiPlex 3050, 5050 na 7050 zimebaki nyuma ya mstari, 3060, 5060 na 7060 zimeuvuka. Kwa HP ProDesk 600 na EliteDesk 800, tafuta G4 badala ya G3. Kwa Lenovo ThinkCentre, M720 badala ya M710. Kwa nje hutofautiana kidogo sana, na ndiyo sababu mtu asiyesoma lebo hulipia ya nyuma kwa bei ya mbele.

Sasa mtumba au mpya? Kwa bei ileile duka litakuwekea mezani mashine mbili. Moja ni sanduku jeusi lililotoka ofisi fulani ya Uingereza, lina mikwaruzo na alama ya stika iliyobanduliwa. Nyingine ni mpya, imeunganishwa na fundi hapahapa, ubavu wake ni kioo na ndani feni tatu zinabadilisha rangi. Kwa kuandika, hesabu, intaneti na uchapishaji mimi nachukua sanduku la ofisi bila kusita, na sababu yangu kubwa ni kifaa ambacho hakuna anayekitangaza: pawa saplai.

Pawa saplai ya kawaida hugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazotumiwa na kila kitu ndani ya sanduku. Umeme wetu ni wa volti 230 kwenye karatasi. Mitaani, jioni hushuka hadi taa zikafifia, na ukirudi baada ya kukatika huja kwa kishindo. Pawa saplai nzuri huyameza hayo yote kimya kimya. Ile hafifu haifi peke yake siku yake ikifika. Huondoka na madabodi, na pengine na diski yenye kazi zako za mwaka mzima. Nimeona watu wakibishana saa nzima juu ya i5 au i7 kisha wakakubali pawa saplai yoyote iliyomo, na inaniuma, kwa sababu wamebishania kitu kinachoongeza kasi kidogo wakasahau kinacholinda vyote.

Kuihukumu si kazi ngumu. Soma lebo yake, tafuta mstari wa volti 12, chukua ampea zilizoandikwa hapo uzidishe kwa 12. Utakuta sanduku limeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, lakini mstari wa volti 12 una ampea 15. Hizo ni wati 180, na mstari huo ndio unaolisha prosesa na kadi ya grafiki. Ya kweli ya wati 500 huonyesha ampea karibu 40. Halafu soma maandishi ya umeme unaoingia. "100–240V" maana yake inajirekebisha yenyewe umeme ukishuka. Ukikuta swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuchomeka, hasa mashine iliyotoka Marekani. Ikiwa kwenye 115 umeme wetu utaiunguza papo hapo. Mwisho iinue. Nyepesi kupita kiasi imepunguziwa vichungi na vipoza joto. Nembo ya 80 Plus nayo ni ushahidi mzuri: hiyo ya msingi husema angalau asilimia 80 ya umeme inafika kwenye kazi badala ya kupotea kama joto, na Bronze na Gold ziko juu yake. Mashine nyingi za ofisi za kampuni kubwa huja na pawa saplai ya 100–240V yenye nembo hiyo. Ile mpya yenye taa, kwa bei ileile, mara nyingi haina.

Hata hivyo sanduku la ofisi lina mpaka wake, na mhariri wa video aujue kabla ya kulipa. Dell na HP hutumia plagi na maumbo yao wenyewe, kwa hiyo huwezi kung'oa pawa saplai yao ukaweka ya dukani kirahisi. Yale masanduku membamba yanapokea kadi fupi za grafiki tu, zile zinazotosheka na wati 75 za kwenye madabodi. Mtu anayekata video za harusi za saa tatu, au msanifu majengo anayechora kwa vipimo vitatu, ana haki ya kutumia pesa zaidi: kesi ya kawaida yenye hewa, pawa saplai ya wati 550 au 650 ya jina linalojulikana kama Corsair au Seasonic, kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya GB 8 au zaidi, RAM ya GB 32. Kwake hiyo si anasa, kwa kuwa kila saa mashine inapotengeneza faili la mwisho ni saa ambayo harusi nyingine inasubiri.

Diski ni mahali ambapo pesa kidogo hufanya kazi kubwa. Diski ngumu ya kuzunguka husoma takriban MB 100 hadi 200 kwa sekunde ikiwa faili ni moja kubwa. Ikipewa maelfu ya faili ndogo, kama Windows inapowaka, hukwama. SSD ya SATA hufika MB 500 na zaidi, na ile ya NVMe hupita 3,000. Ukitoka diski ngumu kwenda SSD ya SATA utadhani umenunua kompyuta nyingine. Ukitoka SATA kwenda NVMe, kwa kazi za ofisi, huenda usione chochote. Hapo ndipo shilingi isimame. Kwenye mashine ya mtumba, weka programu ya bure ya CrystalDiskInfo na usome afya ya diski na saa ilizofanya kazi. Mwaka mzima bila kuzima ni saa 8,760. Diski yenye saa 30,000 imeshatumika kwa zaidi ya miaka mitatu mfululizo, na bei yake ionyeshe hivyo.

RAM tusiikawize. GB 8 zinatosha kuanza, GB 16 zinakupa utulivu, na zaidi ya hapo mtu wa Word na Excel analipia nafasi tupu. Vipande viwili vya GB 4 hufanya kazi vizuri kuliko kimoja cha GB 8, kwa sababu prosesa husoma vyote viwili kwa pamoja. Lakini kama madabodi ina nafasi mbili tu, kimoja cha GB 8 kinakuachia mlango wa kuongeza. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda sana duniani, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye vituo vya akili mnemba. Kwa hiyo mashine inayokuja tayari na GB 16 ina thamani kuliko ilivyokuwa, usiidharau wakati wa kupatana.

Kioo, yaani monita, kinaonewa. Wanunuzi humaliza pesa kwenye sanduku kisha huongezewa monita kuukuu ya inchi 19 kama zawadi, na macho yao ndiyo yanayolipa kwa miaka. Monita nzuri hudumu kuliko kompyuta mbili. Inchi 22 hadi 24, nukta 1920 kwa 1080, paneli ya IPS. Simama ubavuni: rangi zikibadilika au picha ikageuka kijivu, hiyo si IPS. Fungua ukurasa mweupe uujaze skrini yote, tafuta madoa na kona zilizogeuka njano. Kisha ukurasa mweusi, tafuta nukta zinazowaka zenyewe. Kibodi nayo iguse. Mwenye steshenari anaandika barua za watu kutwa nzima, na vidole vyake vinastahili heshima hiyo.

Kwa hiyo kiasi gani? Ningegawa kila shilingi 100 hivi: 50 kwa sanduku, 25 kwa kioo, 15 kwa UPS, ile betri ya kukushikilia umeme ukikatika, 10 kwa kibodi, kipanya na diski ya nje ya kuhifadhi nakala. Ukiona sanduku limekula 80, umechagua prosesa iliyokuzidi. UPS isome kwa wati, kwa sababu ile inayoitwa VA 650 kwa kawaida hubeba chini ya wati 400. Inatosha kwa sanduku la ofisi na monita yake, haitoshi kwa mhariri wa video.

Weka na umeme kwenye hesabu. Steshenari inayofunguliwa saa 12 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa mashine inayokula wastani wa wati 100, hutumia uniti 31 za LUKU. Mashine ndogo zile za Micro au Tiny zenye prosesa ya wati 35, zikila wastani wa wati 35, hutumia uniti 11. Ukiwa na mashine nne, tofauti hiyo kwa miaka mitatu inaweza kukubadilishia kabisa ipi ni rahisi na ipi ni ghali. Na hesabu ya kusubiri ni kali zaidi: msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, foleni ikifika mlangoni, mashine inayochukua dakika kufungua kila ukurasa inakufukuzia wateja kwenda kwa jirani.

Ukishafikia mashine yenyewe, omba ifunguliwe ubavu. Vumbi si kosa. Harufu ya kuungua ni kosa, na kapasita zilizovimba kichwani ni kosa lisilosameheka. Kwenye Dell, andika ile Service Tag yenye jumla ya herufi na namba saba kwenye tovuti ya kampuni. Itakuambia mashine ilisafirishwa lini na ilikuwa na vifaa gani, ulinganishe na maneno uliyoambiwa. Jaribu kila tundu la USB. Acha video ya YouTube icheze kwa 1080p, fungua kurasa kumi na tano za intaneti juu yake, usikilize feni: kupanda na kushuka ni kawaida, kukwaruza si kawaida. Anayenunua kwa ajili ya studio ya muziki akae karibu nayo zaidi, maana maikrofoni itasikia anachosikia yeye.

Nusu saa ya namna hii inatosha. Waranti iandikwe kwa kalamu, ikitaja pawa saplai na diski kwa majina, na iambatane na risiti ya EFD yenye namba ya kompyuta yenyewe. Duka likikataa nusu saa hiyo, au likikataa kuandika, OptiPlex ileile iko duka la tatu kutoka hapo.