Jina la Fundi Liko Wapi?

Wasomaji, mcheza kwao hutunzwa. Lakini fundi wetu wa kale hatunzwi hata kwa jina lake. Twasema hivi tukiyafikiri Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam, yaliyofunguliwa mwaka 1940 kwa ukumbusho wa Mfalme George wa Tano. Nyumba ile yastahili shukrani, maana pasipo kuta zake vitu vingi vya wazee wetu vingalikwisha kuliwa na mchwa au kuuzwa ng'ambo.

Hata hivyo tuna neno, nalo ni juu ya makumbusho mengi, ya kwetu na ya Ulaya. Picha ya Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, huonyeshwa pamoja na jina lake. Kazi za George Lilanga (1934–2005) vivyo hivyo. Lakini chungu, kibuyu au kigoda cha kale hutajwa mara nyingi kwa kabila tu, au kwa jina la aliyekikusanya. Wa leo huitwa msanii. Wa jana huitwa Mnyaturu au Mnyiramba, kana kwamba kabila zima lilishika udongo kwa mkono mmoja.

Sisi wa Singida twajua kuwa sivyo. Mwanamke asukaye kikapu huchagua nyasi, huzitia rangi, hupanga mistari. Na jirani huweza kuitambua kazi yake hata mwenyewe akiwa hayupo. Mwaka 1966 Harold Schneider, mtaalamu wa Marekani, alitoa makala juu ya mawazo ya Wanyaturu kuhusu uzuri. Basi hata mgeni aliona kwamba watu hawa wana kipimo chao. Penye kipimo pana fundi, na penye fundi pana jina.

Mtoto aonaye jina la mchoraji wa mjini, asione la bibi yake, atadhani kwamba bibi alitengeneza vyombo tu, wala hakujua uzuri.

Majina ya waliokufa hayatarudi yote. Kwa hiyo makumbusho yaandike waziwazi: "Jina la fundi halikuulizwa," ili kosa liwe la mkusanyaji, lisiwe la fundi. Nasi walimu tuwatume watoto na daftari kwa mabibi walio hai, waandike nani alisuka, wapi, mwaka gani, na mistari ile yaitwaje. Kikapu kikienda Dar es Salaam, kiende na jina la mwenyewe.