Saa Iliyofundishwa Kusubiri

Meza ya pool ya baa ilitengenezwa ikusanye pesa kwanza, mchezo ufuate. Silaumu. Mwenye meza ameigharimia, ameiweka kwenye baa ya mwenzake kwa makubaliano ya kugawana mapato, na sanduku la sarafu lenye kufuli ndilo linalonunua kitambaa kipya pindi cha zamani kinapochanika. Ndiyo maana mpira ukishaingia shimoni haumrudii mchezaji. Unaserereka chini ya uso wa meza, unajipanga nyuma ya kilango na kukaa humo mpaka mtu alipe. Mweupe peke yake ndio unaosalimika. Ama umepishana na wenzake kwa ukubwa, ama una chuma tumboni kinachovutwa na sumaku, basi unageuziwa njia na kurudi.

Meza nyingi za mitaani kwetu ni za kusukuma: sarafu au tokeni inalala kwenye kitundu chake, unasukuma ulimi wa chuma, na mipira inaporomoka kwa kishindo anachokijua kila mpita njia. Lakini zipo zenye saa. Kwenye hizo, malipo yanaamsha saketi ndogo, solenoidi inavuta kilango na kukishikilia, na kwa dakika ulizonunua kila mpira unaoingia unatoka. Muda ukiisha koili inaachia, springi inafunga. Kwa marafiki waliokuja kuburudika jioni, utaratibu huo hauna ubaya wowote.

Kwenye mashindano ni balaa. Mechi ya kuwahi gemu 7 inaweza kufika saa nzima, na hakuna ajuaye itaisha lini. Chukua mchezo wa mipira tisa: mchezaji anafanya faulo huku namba tisa ikizama. Kanuni zinataka irudishwe mezani. Lakini muda umekwisha sekunde chache zilizopita, kilango kimefungwa, namba tisa imo ndani. Mwamuzi anapapasa mifuko akitafuta sarafu, mashabiki wanazomea, na yule aliyekuwa na mkono mtamu anasimama mpaka mkono unapoa. Hapo anayeamua mechi ni saa, wakati watu walikuja kupima uwezo wa wachezaji.

Fundi anayeitwa kuliondoa tatizo hili ana njia ya mkato: achomeke kipande cha mti, kilango kibaki wazi. Wengi wanafanya hivyo, na mipira inatoka. Ninayemsifu mimi ni yule anayekataa kipande cha mti. Anamwita mwenye meza, “Bosi, njoo usimame hapa,” ndipo anapofungua ubavu wa meza, na sanduku la pesa linatolewa na kukabidhiwa kabla bisibisi haijagusa waya. Kwangu hiyo nayo ni kazi ya ufundi, sawa na kulehemu. Anayeruhusiwa kuifungua mashine ya pesa ya mtu mwingine lazima aaminike kuliko mashine yenyewe.

Ndani anamulika kwa tochi ya simu na kufuata nyaya moja moja. Katika saketi za aina rahisi anaweza kukutana na chipu ya 555, iliyobuniwa na Hans Camenzind kwa ajili ya kampuni ya Signetics ya California mwaka 1971. Hesabu yake ni nyepesi: muda kwa sekunde ni 1.1, mara rezista, mara kapasita. Megaomu 1 na mikrofaradi 100 zinakupa sekunde 110. Fundi mchanga atasema basi tuweke kapasita kubwa zaidi mpaka tufike saa nzima. Mzoefu anajua kwamba kapasita kubwa za elektroliti zinavuja chaji, na chini ya bati la baa mchana wa joto zinavuja zaidi, kwa hiyo muda wa leo hautakuwa wa kesho. Yeye anachukua chipu ya 4060, yenye mapigo yake yenyewe na ngazi 14 za kuyahesabu. Pigo likija kila sekunde 0.44, ngazi ya mwisho inawaka baada ya mapigo 8,192, yaani saa moja na sekunde nne hivi. Kapasita ndogo isiyovuja inatosha, kwa sababu kazi imekuwa ya kuhesabu. Suluhisho hilo linanifurahisha kila nikilifikiria.

Halafu kuna joto. Solenoidi iliyotengenezwa kushikilia kwa dakika chache inaweza kuungua ikishikilia mchana kutwa. Fundi huyu anajua kuwa koili inahitaji nguvu kubwa kuvuta na kidogo tu kushikilia, basi anaipunguzia mkondo baada ya kuvuta. Kisha anaweka kidole juu yake na kukiacha hapo. Kikivumilia, anaendelea. Kisipovumilia, anarudi kwenye hesabu.

Saa ya awali haikati wala haiondoi. Anaweka swichi ya ufunguo yenye nafasi mbili, biashara na mashindano, na kila waya aliouhamisha anaufunga kikaratasi kinachoonyesha ulikotoka. Bila hicho, fundi atakayekuja mwaka kesho atabaki anakisia.

Na wachezaji wanahitaji saa pia, ila ya aina nyingine. Mashindano ya pool ya Kombe la Mosconi yanampa mchezaji kwa kawaida sekunde 30 kwa kila pigo, ili mzito asimchoshe mwepesi. Chipu nyingine ya 555 inafaa sana hapo: rezista ya kiloomu 270 na kapasita ya mikrofaradi 100 zinatoa sekunde 29.7, ukiongeza kitufe na king’ora kidogo mwamuzi ana chombo chake. Muda uliokuwa ukidai pesa sasa unagawiwa wachezaji wawili kwa usawa.

Tumekuwa na mashindano makubwa ya pool nchini, Safari Pool yakiwa mojawapo, yakipanda kutoka mikoani hadi taifa, na picha zinazobaki ni za mabingwa na makombe; fundi hayumo. Kamati zinazokaa kupanga mashindano yajayo ziandike malipo ya fundi kabla ya fulana na kabla ya muziki: siku mbili za kazi kabla ya mechi ya kwanza, siku moja ya kurudisha, nauli, chakula, na vipuri kwa risiti.