Uimara na Udumifu: Funzo la Maneno ya Misafara

Wafasiri wetu wanapokutana na nadharia zinazoeleza jinsi miundo inavyozuka na kudumu, aghalabu huandika “muundo imara” na kusonga mbele. Istilahi hiyo haitoshi. Uimara ni sifa ya kitu kisichotikisika. Nadharia hizo zinazungumzia kitu ambacho sehemu zake zote zaweza kubadilishwa na bado kikatambulika.

Mfano uko karibu. Itetemia, jirani na mji wa Tabora, palikuwa makao ya watemi wa Unyanyembe, kwenye njia ya misafara itokayo pwani kwenda Ujiji. Mtemi Isike alikufa Januari 1893, ngome yake ilipotekwa na Wajerumani. Reli ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1963 sheria ikaondoa mamlaka ya machifu. Yote yaliyoishikilia njia ile yameondoka.

Hata hivyo posho, iliyokuwa riziki ya mpagazi safarini, leo hudaiwa na mtumishi wa Serikali aendaye Dodoma kikazi. Mnyapara, ambaye asili yake ni mnyampala wa Kinyamwezi, alitoka katika msafara akaingia mashambani na hata magerezani. Kilichosalia si mzigo wala safari, bali uhusiano wa mtumaji na mtumwa, wa msimamizi na wasimamiwa. Hongo inafundisha zaidi. Ilikuwa ushuru wa wazi aliolipwa mtawala ili msafara upite. Uhusiano wa mpitaji na mwenye njia umebaki, lakini uhalali umeondoka, na leo hongo ni kosa la jinai. Kirangozi, aliyetangulia mbele ya msafara, hakupata kazi nyingine ya kushika, na jina lake halisikiki tena ofisini wala shambani. (Hakuna baraza lililoketi kuyasanifu maneno haya, jambo ambalo sisi wa istilahi hatupendi sana kukumbushwa.)

Tunapendekeza basi “uimara” ubaki kwa maana ya kuhimili mtikisiko, na “udumifu” uchukue maana ya uhusiano unaosalia ingawa washiriki wake wamebadilika. Pingamizi lipo: udumifu hunukia sifa njema, ilhali hongo inashuhudia kwamba kinachodumu si lazima kiwe chema. Mwalimu atakayelitumia neno hili darasani hana budi kulitenga na sifa hiyo tangu somo la kwanza.